Mtihani wa Daraja: Maandalio ya Makasisi katika Bonde na Uzigua

Katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza, kilichotolewa mwaka wa 1662, imo taratibu ya kuwaweka wakfu mashemasi, makasisi na maaskofu. Dibaji ya taratibu hiyo humwagiza Askofu asimpe mtu ushemasi ila ametimiza miaka 23 ya umri, wala ukasisi ila ametimiza miaka 24. Tena humwagiza ampime kwanza, amwone kuwa ni mtu mwema wa mwenendo, kuwa anaijua lugha ya Kilatini, na kuwa amefundishwa Maandiko Matakatifu ya kutosha. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya vijana wa Kiingereza, ambao walikaririshwa Kilatini skulini tangu utoto wao, na haikudhani hata kidogo kwamba siku moja itasomwa kando ya mto Pangani. Lakini miaka mia mbili na zaidi ilipopita, sheria ile ile ilivuka bahari, ikapanda kutoka Unguja mpaka Magila, na kutoka Magila ikashuka Korogwe na kuingia Uzigua. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo historia ya ukasisi katika nchi hizi imekuwa ikilijibu tangu siku hizo: mtu wa Korogwe au wa Handeni apimwe kwa kipimo gani, na kipimo hicho kishikwe na mkono wa nani?

Ili kulifahamu swali hili yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Korogwe iko mahali ambapo nchi tatu hukutana. Kaskazini milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Mashariki liko Bonde, lenye vilima vya kijani kuelekea Muheza na Tanga. Na kusini, ng'ambo ya mto, Uzigua huanza, nchi pana na kavu inayokwenda mpaka Handeni na kupita. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni mwendo wa kilomita 65 hivi. Leo ni safari fupi ya gari juu ya lami; zamani ilikuwa safari ya miguu katika pori lenye mbung'o, na mtu aliyeitwa kwenda kumpa mgonjwa sakramenti alijua kwamba huenda akamkuta amekwisha zikwa. Reli ya Usambara, iliyoanza Tanga mwaka wa 1893, ilifika Korogwe mwaka wa 1902 na Moshi mwaka wa 1911. Lakini haikugeuka kwenda Handeni. Kwa hiyo Korogwe ilipata garimoshi, soko na wageni wa kila namna, na Handeni ikabaki kwa miguu yake. Kasisi aliyewekwa katika nchi hii alihitaji elimu, na pamoja na elimu alihitaji magoti yenye nguvu.

Wamisionari waliofika huku walikuwa wa chama kilichojulikana kwa herufi zake, UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, kilichozaliwa kutokana na mwito alioutoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka wa 1857. Jaribio lao la kwanza katika nchi ya mto Shire lilishindwa kwa vita na homa, na Askofu William Tozer akalihamishia kazi lake Unguja mwaka wa 1864. Mwaka huo huo Sultani Majid alimpa watoto watano wa kiume waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Watoto hao watano, waliotolewa chini ya sitaha bila baba wala mama, ndio waliokuwa mwanzo wa chuo kilichokuja kuitwa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja. Toka Unguja misheni ilitazama bara. Mwaka wa 1867 Charles Alington alikwenda kuomba ruhusa kwa watawala wa Kikilindi, na kituo kikafunguliwa Magila. Kikapata nguvu hasa alipofika J. P. Farler mwaka wa 1875. Korogwe ilifuata katika miaka ya 1890, na vituo vya Uzigua, kama Kideleko na Kwa Mkono, vikaja baadaye.

Basi njia ya kwendea altareni ilikuwa ndefu, nayo ilikuwa na vidato vingi. Kijana wa Kibondei au wa Kizigua alianza katika skuli ya kijiji, akajifunza kusoma kwa Kiswahili. Akionekana ana akili na tabia njema alipelekwa Magila, na wachache wakapandishwa jahazi kwenda Kiungani. Akirudi alirudi akiwa mwalimu. Neno hilo lilikuwa na uzito kuliko uzito wake wa leo, kwa sababu mwalimu wa misheni aliwafundisha watoto asubuhi, akawafundisha wakatekumeni jioni, akaongoza sala siku ambayo kasisi hayupo, akazika wafu na kuamua magomvi ya ndoa. Miaka mingi ya kazi hii ilipita kabla jina lake halijatajwa mbele ya Askofu. Aliyetajwa aliitwa tena chuoni kwa masomo ya dini, akapimwa, akapewa ushemasi. Na baada ya mwaka mmoja au zaidi, akipimwa tena, akapewa ukasisi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na watu hawa waliinama kwa muda mrefu.

Tofauti ya kidato kimoja na kingine haikuwa ya heshima tu. Shemasi aweza kubatiza asipokuwapo kasisi, aweza kusoma Injili kanisani, kuhubiri akipewa ruhusa, kusaidia kugawa Ushirika Mtakatifu, na kuwatafuta maskini na wagonjwa ili wasaidiwe. Lakini hawezi kuuadhimisha Ushirika mwenyewe, wala hawezi kutamka ondoleo la dhambi. Katika misheni hii, iliyoziheshimu mno sakramenti, kijiji kisicho na kasisi kilikuwa kijiji chenye njaa, hata kama kina shemasi mwema na kanisa zuri. Kwa hiyo kila mwaka ambao mtu alicheleweshwa katika ushemasi, au mwalimu alicheleweshwa katika ualimu, ulikuwa ni mwaka wa kungoja kwa watu wake pia.

Mfano wa kwanza waonyesha jambo hili waziwazi. John Swedi alikuwa mmoja wa wale watoto watano wa mwaka wa 1864. Mwaka wa 1870 yeye na mwenzake George Farajallah walipewa daraja ya chini ya ushemasi. Farajallah akafa mwaka ule ule katika tauni ya kipindupindu iliyoizoa Unguja. Mwaka wa 1879 Askofu Edward Steere alimpa Swedi ushemasi kamili, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata. Ikawa basi. Ukasisi haukumfikia. Aliyeupata wa kwanza alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, akasoma Kiungani na kisha kwa muda katika chuo cha Mtakatifu Augustino mjini Canterbury, akapelekwa kufanya kazi Chitangali katika nchi ya kusini, na mwaka wa 1890 akapewa ukasisi na Askofu Charles Smythies. Tangu kupokewa kwa wale watoto watano mpaka siku hiyo ilikuwa imepita miaka 26. Katika muongo huo wa 1890 Bonde nalo likampata kasisi wake, Petro Limo, na baada yake wakafuata wengine, miongoni mwao Samwil Sehoza, ambaye jina lake lilitajwa kwa heshima Magila na Korogwe kwa muda wa miaka mingi.

Je, miaka 26 ni mingi au ni michache? Msomaji atapata kipimo akiwatazama Wapresbiteri wa Scotland, ambao nao walikuwa na kazi kubwa katika Afrika hii ya Mashariki na ya Kati. Kwao hakuna Askofu. Mtu huwekewa mikono na baraza la wachungaji, na kabla ya siku hiyo hupita katika majaribio mengi: husoma theolojia kwa miaka, huhojiwa na baraza, huhubiri hotuba ya majaribio mbele ya wachungaji na wazee wa kanisa, hupewa kibali cha kuhubiri, kisha hungoja mpaka usharika umwite. Ni mtihani mkali, na wale waliouleta Afrika waliushikilia sana. Misheni ya Livingstonia katika Nyasa ilianza mwaka wa 1875, na wachungaji wake wa kwanza Waafrika, Yesaya Zerenji Mwasi na wenzake wawili, hawakuwekewa mikono ila mwaka wa 1914. Katika Kikuyu, ambako misheni ya Scotland ilijenga tangu mwaka wa 1898, Musa Gitau na wenzake waliupata uchungaji mwaka wa 1926. Kwa kulinganisha na hao, misheni ya Unguja ilikuwa imefungua mlango mapema. Lakini mlango ule ulikuwa wa sebuleni tu. Chumba cha ndani, alimokaa mwenye kupima, kilibaki kimefungwa.

Tofauti hii ya madaraja ilizua hata ugomvi uliosikika duniani kote. Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, wa Kipresbiteri, wa Kimethodisti na wengineo walikutana Kikuyu kushauriana juu ya kuungana katika kazi, na mwisho wa mkutano wakashiriki Ushirika Mtakatifu pamoja ndani ya kanisa la Wapresbiteri. Askofu wa Zanzibar wakati huo alikuwa Frank Weston. Yeye hakuwapo, lakini alipopata habari aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai kwamba wameivunja imani. Kwa Weston, mtu asiyewekewa mikono na Askofu hakuwa kasisi, hata awe msomi wa namna gani na hata awe amefaulu mitihani yote ya Edinburgh. Shauri hilo lilibishaniwa London kwa magazeti na vitabu mpaka vita vikaja vikalifunika. Jambo la kuangaliwa ni kwamba ubishi huo mkubwa, uliohusu nani aweza kuwapa Waafrika mkate na divai, uliendeshwa na Wazungu peke yao. Makasisi Waafrika wa Bonde hawakuulizwa.

Hata hivyo ingekuwa si haki kumtaja Weston kwa ugomvi huo tu, maana yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuyaweka sawa maandalio ya makasisi. Alipofika Unguja mwaka wa 1898 aliona kwamba walimu wanaotaka daraja wanafundishwa kwa vipande vipande, akaanzisha chuo cha theolojia Mazizini, karibu na mji, kwa jina la Mtakatifu Marko. Baadaye akawa mkuu wa Kiungani. Aliamini, kama alivyoamini Steere kabla yake, kwamba kasisi Mwafrika asigeuzwe kuwa nakala ya Mwingereza. Wanafunzi walivaa kanzu. Walikula chakula cha kwao. Na masomo ya dini yalifundishwa zaidi kwa Kiswahili.

Hilo la mwisho lataka kuelezwa. Kama sheria ya mwaka wa 1662 ilitaka Kilatini, basi katika Unguja na Bonde mahali pa Kilatini palishikwa na Kiswahili. Steere alikuwa amekitolea kitabu cha sarufi mwaka wa 1870, akaweka mtambo wa kupiga chapa, akafanya kazi ya tafsiri ambayo wenzake waliikamilisha, hata Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka wa 1891. Mwanafunzi wa theolojia aliweza basi kuyasoma Maandiko, Kanuni za Imani, Kitabu cha Sala na historia ya Kanisa katika lugha moja yenye msamiati ulio tayari. Maneno yenyewe yalikuwa mengi ya asili ya Kiarabu, yaliyokwisha zoeleka misikitini: imani, sala, dhambi, toba, kafara. Mtahiniwa wa ushemasi alilazimika kujua kwamba neno analolitumia altareni analitumia pia jirani yake Mwislamu msikitini, na kwamba maana si ile ile.

Wala Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya mtahiniwa. Mtu wa Korogwe aliota ndoto kwa Kizigua au Kibondei, alisoma kwa Kiswahili, na alipozungumza na mkuu wa chuo juu ya vitabu vikubwa alihitaji Kiingereza. Mihtasari ya lugha hizo za nyumbani ilitungwa na wamisionari wenyewe: Herbert Woodward aliandika juu ya Kibondei mwaka wa 1882, na W. H. Kisbey, aliyefanya kazi Korogwe, alitoa kamusi ya Kizigua mwaka wa 1906. Kwa hiyo mtahiniwa ambaye hakujua hata neno moja la Kilatini alikuwa amebeba lugha tatu, na kwa kila fundisho alilopewa alikuwa na kazi ya kulivusha mara mbili kabla halijafika kwa bibi kizee wa Kideleko. Karatasi ya mtihani haikuwa na nafasi ya kuandika alama za kazi hiyo.

Masomo ya mtihani yalihesabika. Yalikuwapo Agano la Kale na Agano Jipya, mafundisho ya imani, historia ya Kanisa, Kitabu cha Sala, namna ya kuhubiri, na kwa ukasisi, namna ya kuwasikiliza watu wanaoungama. Lakini kando ya masomo hayo yalikuwapo mengine ambayo hayakuandikwa popote, nayo ndiyo yaliyowaangusha wengi.

La kwanza lilikuwa Uislamu. Njia za misafara ziliupeleka Uislamu Uzigua mapema, na katika miji ya Handeni na Korogwe mwalimu wa misheni aliishi ukuta kwa ukuta na mwalimu wa chuo cha Kurani. Kasisi asiyeweza kujibu swali la jirani yake alichekwa. Kwa sababu hiyo Godfrey Dale, aliyefanya kazi Bonde kabla ya kuhamia Unguja, aliandika kwa Kiswahili vitabu vya kueleza dini ya Kiislamu, na mwaka wa 1923 akatoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili. Nia yake ilikuwa kuwapa walimu na makasisi silaha ya ubishi. Lakini ni dhahiri pia kwamba ujirani huo uliwafundisha makasisi wa Uzigua adabu ya kuishi na mtu wa dini nyingine, maana mara nyingi mtu huyo alikuwa mjomba au ndugu wa kuzaliwa.

La pili lilikuwa mila. Wabondei walikuwa na galo, jando la vijana wao, na mviko, matambiko ya ukoo. Mtu aliyetaka daraja alipaswa kuonyesha kwamba ameyaacha yaliyokatazwa na misheni, na papo hapo alipaswa kubaki mtu wa ukoo wake, kwa kuwa asiye na ukoo hasikilizwi. Mzee wa ukoo alipouliza nani atawatambikia wazee, kasisi alitakiwa awe na jibu lisilomvunjia Askofu amri wala kumvunjia mzee heshima. Hakuna chuo kilichofundisha jibu hilo. Kila mtu alilitafuta mwenyewe.

La tatu lilikuwa mke. Wamisionari wa UMCA walikuja bila wake, wakafanya kazi bila mshahara, wakipewa posho ndogo tu ya kujikimu. Makasisi Waafrika wengi walikuwa na wake na watoto. Nyumba ya kasisi ilitazamwa na watu wote, na mkewe alipimwa pamoja naye: kama anajua kusoma, kama anaweza kuwafundisha wanawake, kama anapokea wageni bila kunung'unika. Skuli ya wasichana ya Mbweni katika Unguja, iliyoongozwa miaka mingi na Caroline Thackeray, iliwatoa wengi wa wake hao. Mchango wao haukuandikwa katika orodha ya madaraja. Lakini kijiji kilijua vizuri kwamba kimepewa watumishi wawili kwa posho ya mmoja.

La nne lilikuwa fedha. Elimu ile ile ya Kiungani iliyoweza kumfanya mtu kasisi iliweza kumfanya karani. Serikali ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, ilitaka watu wa kuandika na kuhesabu, nayo ililipa vizuri. Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni mwaka wa 1891 na kusoma Kiungani, alichukua njia hiyo. Alikuwa karani mkuu katika ofisi ya Serikali ya Tanga, akaanzisha huko mwaka wa 1922 chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, na mwaka wa 1931 akaitwa London kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge juu ya kuunganishwa kwa nchi za Afrika ya Mashariki. Haifai kumlaumu, maana aliitumikia nchi yake kwa njia yake. Lakini mfano wake waonyesha kile alichokiacha yule aliyebaki katika ualimu wa misheni akingoja daraja. Wenzake wa darasa moja walivaa viatu na kupanda garimoshi. Yeye alikwenda Kwa Mkono kwa miguu.

Baada ya mitihani hii ya watu, ikaja mitihani isiyotungwa na mtu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, nzige wakala mashamba, na funza wakala miguu. Uzigua ikaingia njaa iliyoacha vijiji vitupu. Kisha vikaja Vita vya Kwanza. Mwaka wa 1914 Wajerumani waliwafunga wamisionari wa Kiingereza, wakawapeleka bara, nao hawakupata uhuru mpaka Tabora ilipotekwa mwezi wa Septemba 1916. Walimu wa Kiafrika nao walishukiwa kuwa wapelelezi. Wengi walikamatwa, wakapigwa, wakatembezwa kwa minyororo. Katika miaka hiyo miwili Kanisa la Bonde na Uzigua lilikaa mikononi mwa makasisi na walimu Waafrika waliosalia nje ya kifungo. Hapakuwa na Askofu wa kuwapima wala mkuu wa chuo wa kuwasimamia. Watoto walibatizwa, wafu walizikwa, sala zilisaliwa. Ikiwa palikuwa na haja ya ushahidi kwamba watu hawa waweza kuliongoza Kanisa lao, basi ushahidi ulitolewa hapo, na matokeo ya mtihani huo yalijulikana kwa kila mwenye macho.

Ajabu ni kwamba matokeo hayo hayakubadili jambo upesi. Baada ya vita Kiungani ilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam, mwaka wa 1925, na mafunzo ya theolojia yakafanyika Hegongo, jirani na Magila. Sasa kijana wa Korogwe hakuhitaji tena kuvuka bahari. Alipanda garimoshi mpaka Muheza, akatembea. Miongoni mwa waliosoma Hegongo alikuwa John Sepeku, aliyepewa ukasisi mwaka wa 1940. Lakini aliyewapima wanafunzi hao, kama katika siku za Steere, alikuwa Mzungu, na Askofu aliyewawekea mikono alikuwa Mzungu: Thomas Birley tangu 1925, kisha William Scott Baker tangu 1943. Sauti moja tu ya rasmi waliachiwa Wakristo wa kawaida, nayo imo katika ile taratibu ya mwaka wa 1662. Siku ya kuwekwa wakfu, Arkidikoni akiisha kuwaleta watahiniwa mbele ya Askofu na kushuhudia kwamba wamepimwa, Askofu huwageukia watu wote na kuwataka waseme kama yuko ajuaye neno la kumzuia mmoja wao. Kisha kanisa hunyamaza. Kunyamaza kwa dakika hiyo ndiko kulikokuwa mtihani wa kijiji: mkulima wa Handeni, asiyejua kusoma, alipewa kwa kitambo kidogo kiti cha mwenye kupima.

Kiti chenyewe kilipatikana baadaye sana. Katika Tanganyika Mwanglikana Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu alikuwa Yohana Omari, aliyewekwa wakfu mwaka wa 1955 kuwa msaidizi katika Dayosisi ya Tanganyika ya Kati. Katika Dayosisi ya Zanzibar alikuwa Sepeku, mwaka wa 1963, akiwa Askofu msaidizi. Tangu ukasisi wa Majaliwa mpaka siku hiyo ilikuwa imepita miaka 73, karibu mara tatu ya ile iliyopita kati ya kufika kwa misheni na ukasisi huo wa kwanza. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Sepeku akawa Askofu wa Dar es Salaam mwaka wa 1965, na mwaka wa 1970 Askofu Mkuu wa kwanza wa Tanzania. Baker alipostaafu mwaka wa 1968, Zanzibar na Tanga zikamwona Yohana Lukindo katika kiti chake. Chuo cha Mtakatifu Marko kikawa Dar es Salaam, na majirani nao walikuwa wamekwisha tengeneza vyuo vyao: Walutheri walikuwa wamefundisha Lwandai katika Usambara kabla ya kufungua Makumira mwaka wa 1954, na katika Kenya Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti waliungana mwaka wa 1955 katika chuo kimoja cha Mtakatifu Paulo, Limuru. Hivyo yale yaliyogombaniwa Kikuyu mwaka wa 1913 yakapata suluhu ya nusu darasani, ingawa altareni kila mmoja alibaki na taratibu zake.

Leo makao ya Askofu wa Tanga yako Korogwe, mji ule ule uliokuwa kituo cha njiani kuelekea Uzigua. Askofu wake Maimbo Mndolwa, msomi wa historia ya Kanisa, alichaguliwa mwaka wa 2018 kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania. Mwenye kupima na mwenye kupimwa sasa wanazungumza lugha moja. Yaweza kuonekana kwamba swali la mwanzo limekwisha jibiwa.

Lakini nusu yake tu ndiyo iliyojibiwa. Mkono unaoshika kipimo umebadilika. Kipimo chenyewe kingali chataka kuangaliwa. Kila kizazi huelekea kupima yale yanayopimika kwa urahisi, yaani cheti, kurasa zilizosomwa, lugha ya kigeni iliyokaririwa. Wazungu wa 1662 waliweka Kilatini. Wa siku za Kiungani waliweka sarufi na katekisimu. Wa siku hizi waweza kuweka shahada. Hakuna ubaya katika hayo, maana kasisi mjinga ni hatari kama mganga mjinga. Ila historia ya Bonde na Uzigua yaonyesha kwamba makasisi waliolibeba Kanisa mwaka wa 1914, na wakati wa njaa, na katika njia ya Handeni, walibebwa na mambo ambayo hayakuulizwa katika karatasi: subira ya kungoja miaka, ujirani mwema na mtu wa dini nyingine, heshima kwa wazee wa ukoo, na mke aliyekubali umaskini bila kuahidiwa sifa. Dayosisi itakayoweza kuyatafuta mambo hayo kwa vijana wake, na kuyapa alama zake, itakuwa imewalipa deni wale waliofaulu mitihani ambayo hakuna aliyeisahihisha.